Paul Robeson: Mwanamichezo Aliyeketi Darasani Kujifunza Kiswahili

Utangulizi

Kila mwanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu amewahi kuulizwa na jamaa zake Kiswahili hicho anachokisomea kitamfikisha wapi. Aghalabu swali hili huulizwa kwa nia njema, na wajomba na mashangazi wanaotutakia riziki ya halali na kazi ya kudumu. Mwandishi wa makala haya ameulizwa mara nyingi hata akazoea kujibu kwa kicheko na kubadilisha mada. Makala haya hayadhamirii kulijibu swali hilo moja kwa moja. Yanadhamiria kusimulia maisha ya mtu ambaye hakuwa na haja ya kutafuta riziki katika Kiswahili. Alikuwa na shahada ya sheria, sifa za uwanjani, sauti iliyojaza kumbi za Ulaya na Marekani, na fedha za kumtosha. Hata hivyo, mwanzoni mwa mwaka wa 1934, akikaribia umri wa miaka 36, alijisajili katika Chuo Kikuu cha London na kuketi darasani pamoja na wanafunzi waliokuwa wakianza kujifunza fonetiki na Kiswahili.

Mtu huyo ni Paul Robeson. Wanaomkumbuka leo humkumbuka kama mwimbaji na mwigizaji. Wapenzi wa michezo nchini Marekani humkumbuka kama mchezaji. Wanahistoria wa siasa humkumbuka kama mtu aliyenyang'anywa pasipoti na serikali yake mwenyewe. Kipindi chake cha kusoma isimu na lugha za Kiafrika hupewa sentensi moja au mbili, kisha msimulizi huharakisha kwenda kwingine. Rai ya makala haya ni kwamba sentensi hiyo moja ndiyo mhimili wa maisha yake. Aliyoyafanya kabla ya mwaka wa 1934 yanaeleza ni kwa nini alilitafuta darasa hilo, na yaliyompata baadaye yalitokana kwa kiasi kikubwa na aliyojifunza humo.

Kuzaliwa na Malezi

Paul Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa utumwani katika jimbo la North Carolina. Mwaka wa 1860, akiwa kijana wa miaka 15, alitoroka na kuelekea kaskazini. Baadaye alisoma katika Chuo cha Lincoln, Pennsylvania, akawa mchungaji wa Kanisa la Presbiteri. Mama yake, Maria Louisa Bustill, alitoka katika ukoo wa Weusi huru uliojulikana kwa elimu na kwa kupinga utumwa. Mama huyu alifariki mwaka wa 1904 kutokana na majeraha ya moto nyumbani, wakati Paul hajatimiza hata miaka 6.

Mchungaji Robeson alikuwa amepokonywa usharika wake miaka michache kabla ya msiba huo, na ilimbidi afanye kazi za mikono ili kuilisha familia. Hata hivyo, hakuacha kuwafunza wanawe. Alijua Kilatini na Kigiriki, na alimtaka Paul akariri hotuba na kutamka kila neno kwa ukamilifu. Kwa mzee huyu, aliyezaliwa katika mfumo uliomkataza mtumwa kusoma, matamshi sahihi yalikuwa ushahidi wa utu. Familia ilihamia Westfield, kisha Somerville, na huko Paul alisoma shule ya upili. Alikuwa akiimba, akijadili na kucheza. Mwaka wa 1915 alishinda mtihani uliompa ufadhili wa masomo wa miaka 4 katika Chuo cha Rutgers. Alikuwa mwanafunzi Mweusi wa tatu tangu chuo hicho kianzishwe.

Katika mazingira ya nyumbani alikuwa anasikia Kiingereza cha aina mbili. Kulikuwa na Kiingereza cha mimbari na cha vitabu, ambacho baba alikidai, na kulikuwa na Kiingereza cha jamaa na majirani waliotoka kusini, chenye mahadhi na miundo ya wazawa wa watumwa. Hiki cha pili kilidharauliwa na watu wengi, hata na baadhi ya Weusi wenyewe, kuwa ni lugha iliyovunjika. Robeson alikipenda na akakiimba. Swali la asili ya mahadhi hayo halikumtoka akilini.

Uwanjani

Mchezo uliomtoa Robeson gizani ni kandanda ya Kimarekani. Msomaji wa Afrika Mashariki asiufananishe na soka. Unakaribiana zaidi na raga, kwa kuwa mpira hubebwa mikononi na wachezaji huangushana kwa nguvu. Robeson alikuwa na urefu wa zaidi ya futi 6 na mwili wa kutisha. Lakini alipojitokeza kufanyiwa majaribio ya timu ya Rutgers, wachezaji wenzake Weupe walimshambulia kwa makusudi. Walimvunja pua na kumtegua bega. Alilala kitandani kwa siku kadhaa, akarudi uwanjani, na mmoja wao akamkanyaga mkono kwa kiatu chenye njumu hata kucha zikang'oka. Alipochoka kuvumilia, alimwinua mchezaji mmoja juu hewani, tayari kumbwaga. Kocha alipaza sauti kwamba ameingia katika timu. Ukatili wa wenzake ukakoma siku hiyo.

Kuingia katika timu hakukumaanisha kukubaliwa. Mwaka wa 1916 timu ya Washington and Lee kutoka Virginia ilikataa kucheza ikiwa Mweusi angekuwa uwanjani, na Rutgers wakakubali kumweka kando. Robeson aliketi akitazama. Mwaka wa 1917 na wa 1918 alitajwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo vya Marekani nzima, heshima ambayo ni wachache mno wa rangi yake waliokuwa wameipata. Pamoja na kandanda, alicheza besiboli na mpira wa kikapu, na akashiriki riadha.

Fauka ya hayo, aling'ara darasani. Alishinda mashindano ya usemaji ya chuo mwaka baada ya mwaka, akaingizwa katika Phi Beta Kappa, chama cha heshima cha wanafunzi bora, na mwaka wa 1919 akateuliwa kutoa hotuba katika mahafali yake. Baba yake hakuiona siku hiyo, kwani alikuwa amefariki mwezi Mei 1918.

Robeson alijiunga na Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kusomea sheria. Karo aliilipa kwa kiasi fulani kwa kucheza kandanda ya kulipwa siku za mwisho wa juma. Mwaka wa 1921 aliichezea Akron Pros, ambako Fritz Pollard, Mweusi mwenzake, alikuwa mchezaji na kocha. Mwaka wa 1922 aliichezea Milwaukee Badgers. Timu hizi zilikuwa katika ligi iliyokuja kuwa ligi kuu ya mchezo huo nchini Marekani. Kwa hiyo tunapomwita mwanamichezo wa ngazi ya juu hatutii chumvi.

Ni muhimu tutue hapa kidogo. Marekani ya wakati huo ilikuwa tayari, ijapokuwa kwa shingo upande, kuushangilia mwili wa Mweusi. Iliweza kumpigia makofi anayekimbia, anayeangusha na anayeimba. Haikuwa tayari kukiri kwamba mwili huo una akili, na kwamba nyuma ya akili hiyo kuna ustaarabu wenye lugha na fikra zake. Robeson alilifahamu jambo hili kwa mifupa yake iliyovunjwa.

Kutoka Sheria hadi Jukwaani

Mwaka wa 1921 Robeson alimwoa Eslanda Cardozo Goode, mwanamke msomi aliyefanya kazi katika maabara ya hospitali. Mwaka wa 1923 alihitimu shahada ya sheria na kuingia katika ofisi ya mawakili jijini New York. Kazi hiyo haikudumu. Karani mmoja Mweupe alikataa kuandika maneno aliyokuwa akisomewa na wakili Mweusi. Robeson alichukua kofia yake akaondoka, na hakurudi katika uanasheria.

Jukwaa lilimpokea. Mwaka wa 1924 aliigiza katika tamthilia za Eugene O'Neill, na tarehe 19 Aprili 1925, akisindikizwa na mpiga kinanda Lawrence Brown, alifanya tamasha la nyimbo za Weusi pekee katika ukumbi wa Greenwich Village. Nyimbo za kiroho za watumwa zilikuwa zimewahi kuimbwa mbele ya hadhira za Weupe. Jambo jipya ni kwamba mwimbaji mmoja alizifanya kuwa tamasha zima, na aliziimba katika lahaja yake bila kuisafisha ili ifanane na Kiingereza cha shule. Kwa mwanafunzi wa isimujamii uamuzi huu una uzito. Robeson aliipa lahaja iliyodharauliwa hadhi ya ukumbi wa muziki.

Mwaka wa 1928 alikwenda London kuimba katika tamthilia ya muziki ya Show Boat, na yeye na mkewe wakafanya jiji hilo kuwa makao yao kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka wa 1930 aliigiza nafsi ya Othello katika ukumbi wa Savoy. Alikuwa sasa mtu wa kualikwa katika nyumba za matajiri na wanasiasa.

Darasa la London

London ilimpa Robeson kitu ambacho New York haikuwa imempa, yaani Waafrika. Aliwakuta wanafunzi kutoka Afrika Magharibi, mabaharia wa bandarini, na wanaharakati waliokuja kudai haki za nchi zao. Alipowasikiliza wakizungumza lugha zao, alisikia jambo lililomshtua. Mapigo ya usemi, upandaji na ushukaji wa sauti, na namna ya kuitikiana vilimkumbusha mahubiri ya baba yake na nyimbo za jamaa zake.

Hisia peke yake haikumridhisha. Ndiyo maana mwaka wa 1934 alijisajili katika Shule ya Taaluma za Mashariki ya Chuo Kikuu cha London, taasisi ambayo mwaka wa 1938 iliongezewa Afrika katika jina lake. Alijiandikisha kusoma fonetiki na Kiswahili. Kutoka hapo aliendelea kujisomea lugha nyingine za Kiafrika, pamoja na Kirusi na Kichina.

Ili tulielewe tendo hili vyema, hatuna budi kukumbuka nani aliyekuwa akisoma Kiswahili jijini London miaka hiyo. Wengi walikuwa maafisa wa serikali ya kikoloni na wamishenari waliojiandaa kwenda Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Walijifunza lugha ili waamuru, wahukumu, watoze kodi au wahubiri. Kule nyumbani, Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa imeanza kazi tarehe 1 Januari 1930, na usanifishaji ulikuwa ukiendelea kwa msingi wa Kiunguja. Shaaban Robert alikuwa bado mtumishi katika idara ya forodha ya Tanganyika, na vitabu vyake havijatoka. Katika mazingira hayo, mwana wa mtumwa kutoka Marekani aliingia darasani si kwa ajili ya kumtawala mtu. Alitaka kujua alikotoka.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtu aliyezoea kushangiliwa na maelfu alikubali kuwa mwanagenzi asiyejua kupatanisha nomino na kitenzi. Sisi tuliozaliwa ndani ya lugha za Kibantu hatukumbuki taabu ya ngeli, lakini kila mgeni anayeanza Kiswahili huona jinsi nomino moja inavyoamuru umbo la kivumishi, kiwakilishi na kitenzi katika sentensi nzima. Sarufi ya namna hiyo haiwezi kuitwa sarufi ya watu wasiofikiri. Robeson alilinganisha pia lugha zenye toni za Afrika na Kichina, na akaona kwamba ulimwengu ulioipa Uchina heshima ya ustaarabu wa kale hauna sababu ya kuinyima Afrika.

Mwaka huohuo wa 1934 alianza kuandika makala katika magazeti ya Uingereza akieleza kwamba anataka kuwa Mwafrika. Alidai kwamba Mweusi wa Marekani anayeiga Mzungu hujifanya kivuli, na kwamba mizizi ya sanaa yake imo katika lugha na tamaduni za bara alikotolewa kwa nguvu. Miaka ilipopita utafiti ulimuunga mkono katika jambo moja kubwa. Mwaka wa 1949 mwanaisimu Mweusi Lorenzo Dow Turner alichapisha kitabu kuhusu lugha ya Kigullah ya pwani ya South Carolina na Georgia, akionyesha maelfu ya majina na maneno yenye asili ya Kiafrika, yakiwemo ya Kibantu. Usemi uliodhaniwa kuwa Kiingereza kilichovunjika ulithibitika kuwa na kumbukumbu ya Afrika.

Haifai, hata hivyo, kumsifu kupita kiasi. Robeson hakuandika sarufi wala kamusi. Orodha za lugha alizosemekana kuzijua zilirefushwa na waandishi wa habari, na kuimba katika lugha si sawa na kuimudu. Aliwahi pia kushikilia kwamba Mwafrika na Mwasia hufikiri kwa hisia na picha ilhali Mzungu hufikiri kwa dhana na mantiki. Mtazamo huo unakaribiana na ule wa washairi wa Negritude, na umekosolewa vikali na wanafalsafa wa Kiafrika, kwani unarudisha kwa mlango wa nyuma dharau iliyofukuzwa kwa mlango wa mbele. Sarufi ya Kiswahili aliyoisoma mwenyewe ingetosha kumkosoa.

Filamu na Fundisho Chungu

Wakati Robeson akisoma, mtengenezaji wa filamu Alexander Korda alimwalika kuigiza katika filamu kuhusu Afrika, iliyoitwa Sanders of the River. Wapiga picha walikuwa wametumwa Afrika na kurudi na picha na sauti za ngoma na nyimbo halisi. Robeson alizisikiliza kwa furaha na akaamini kuwa dunia sasa itauona utamaduni wa Kiafrika bila kejeli. Miongoni mwa Waafrika waliokuwa London na waliokodishwa kuigiza nafsi ndogo alikuwamo Jomo Kenyatta.

Kenyatta naye wakati huo alikuwa karibu na wanaisimu. Alifanya kazi na mwanafonetiki Lilias Armstrong wa Chuo cha University College, akimtamkia maneno ya Kikuyu ili achunguze sauti na toni zake. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilichapishwa mwaka wa 1940, baada ya Armstrong kufariki. Hivyo basi, rais wa kwanza wa Kenya na mwanamichezo wa Marekani walikutana mbele ya kamera wakati ambapo kila mmoja wao, kwa njia yake, alikuwa akishughulika na fonetiki ya lugha ya Kibantu.

Filamu ilipotoka mwaka wa 1935, Robeson alifedheheka. Masimulizi yalikuwa yamepangwa hata ikawa sifa kwa afisa Mwingereza anayewatawala Waafrika kama watoto. Ngoma alizozipenda zilibaki mapambo. Waafrika na Weusi wengi walimlaumu, naye hakukana kosa lake. Katika miaka iliyofuata aliikana filamu hiyo hadharani.

Fundisho hili lilimpeleka mbele zaidi ya darasa. Alitambua kwamba haitoshi kuthibitisha ubora wa lugha na utamaduni wa Kiafrika ikiwa wenye lugha hiyo hawana mamlaka juu ya nchi yao. Yule anayemiliki kamera, mtambo wa kuchapia na serikali ataweza kuigeuza hata ngoma halisi kuwa uongo. Mkewe Eslanda, aliyekuwa akisoma anthropolojia jijini London, alisafiri Afrika Kusini na Uganda mwaka wa 1936 pamoja na mtoto wao, na mwaka wa 1945 akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo. Robeson mwenyewe alifika Misri kwa kazi ya filamu. Haikutokea kamwe akafika katika pwani ambayo lugha yake alijifunza.

Lugha katika Mapambano

Mnamo mwaka wa 1938 Robeson alikwenda Uhispania kuwaimbia askari waliopigana dhidi ya jeshi la Franco. Katika kipindi hichohicho alifanya jambo ambalo mwanafunzi wa fasihi atalipenda. Wimbo uliompa umaarufu mkubwa, ule wa mto katika Show Boat, ulimwonyesha Mweusi aliyechoka, anayelalamika na kuogopa kifo. Robeson aliyabadilisha maneno machache ya mwisho, na kilio kikawa tamko la mtu anayeendelea kupigana. Lahani ilibaki ileile, ila maana ikageuka.

Alirudi Marekani mwaka wa 1939. Kuanzia mwaka wa 1943 aliigiza Othello katika kumbi za Broadway mara 296, idadi ambayo hakuna tamthilia nyingine ya Shakespeare ilikuwa imeifikia huko. Pamoja na Max Yergan, na baadaye W. E. B. Du Bois na Alphaeus Hunton, aliongoza Baraza la Masuala ya Afrika, lililodai uhuru wa makoloni. Kenya ilipotangaziwa hali ya hatari mwezi Oktoba 1952 na Kenyatta kukamatwa, Baraza hilo lilikuwa miongoni mwa sauti chache nchini Marekani zilizoitetea Kenya waziwazi. Mwaka wa 1955 lilivunjwa kwa shinikizo la serikali.

Wakati huo Robeson mwenyewe alikuwa amekwisha kuandamwa. Matamshi yake mjini Paris mwaka wa 1949 yaliripotiwa kwa kupotoshwa, na katika miezi ya Agosti na Septemba mwaka huo makundi ya watu yaliwashambulia waliokuja kumsikiliza karibu na Peekskill, New York. Mwaka wa 1950 serikali ilimnyang'anya pasipoti. Katika hoja zao mahakamani, mawakili wa serikali walitaja pia utetezi wake wa uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Kumbi zilimfungia milango. Mapato yake, yaliyokuwa zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, yaliporomoka hadi takriban dola 6,000. Hata sifa zake za uwanjani hazikunusurika. Jina lake liliondolewa katika orodha iliyochapishwa ya wachezaji bora wa mwaka wa 1918, na timu hiyo ikaonekana kana kwamba ilikuwa na wachezaji 10 tu badala ya 11.

Alizuiwa kuvuka mpaka, lakini sauti ilivuka. Tarehe 18 Mei 1952 alisimama juu ya gari upande wa Marekani, penye mpaka wa jimbo la Washington na Kanada, akawaimbia maelfu waliokusanyika pande zote mbili. Mwaka wa 1957 aliwaimbia wasikilizaji wa London, na baadaye wachimba migodi wa Wales, kwa njia ya simu.

Uadilifu wa mwandishi wa wasifu unatulazimu kutaja pia pale alipokosea. Robeson aliupenda Muungano wa Kisovieti kwa sababu huko alipokelewa kama binadamu, na mapenzi hayo yalimpofusha. Mwezi Juni 1949 jijini Moscow, katika siku ambazo wasanii wa Kiyahudi walikuwa wakikamatwa, aliimba kwa Kiyidi wimbo wa wapiganaji wa Kiyahudi waliompinga Hitler, akamtaja hadharani rafiki yake, mshairi Itzik Feffer, aliyekuwa kizuizini. Hadhira ilimwelewa. Lugha aliyoichagua ilisema yale ambayo yeye asingeweza kuyasema. Lakini aliporejea Marekani na kuulizwa, alikana kwamba Wayahudi walikuwa wakionewa kule. Feffer aliuawa mwaka wa 1952. Aliyeamini kwamba kila lugha ina haki ya kusikika alinyamaza mahali ambapo neno lake lingekuwa na uzito. Hilo haliwezi kufutwa, kama ambavyo halifuti mema yake.

Miaka ya Mwisho

Mwaka wa 1958, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi nyingine, Robeson alirudishiwa pasipoti. Mwaka huo alichapisha kitabu chake, Here I Stand, ambamo pamoja na siasa alirudia suala la uhusiano wa muziki wa watu mbalimbali duniani. Aliigiza tena Othello mjini Stratford mwaka wa 1959, na mwaka wa 1960 akawaimbia wajenzi wa jumba la opera la Sydney wakiwa kazini. Kisha afya ilimwishia. Kuanzia mwaka wa 1961 alilazwa hospitalini mara kwa mara. Eslanda alifariki mwezi Desemba 1965, na Robeson akaishi kimya nyumbani kwa dada yake Marian mjini Philadelphia. Alifariki tarehe 23 Januari 1976, akiwa na umri wa miaka 77.

Heshima zilikuja akiwa kaburini. Mwaka wa 1995 aliingizwa katika jumba la wachezaji mashuhuri wa kandanda ya vyuo vya Marekani, miaka 77 baada ya mchezo wake wa mwisho wa chuo. Taasisi ya London alikosomea Kiswahili imelipa jina lake bweni la wanafunzi.

Hitimisho

Tumeona kwamba Robeson alipita katika milango mitatu ambayo mtu yeyote wa zama zake angeridhika na mmoja wao, yaani michezo, sheria na sanaa. Kila mlango ulimfikisha mahali pamoja. Alisifiwa kwa alichoweza kukifanya na kukataliwa kwa alivyokuwa. Darasa la fonetiki na Kiswahili lilimpa kitu tofauti na sifa. Lilimwonyesha kwamba watu wake walikuwa na lugha kabla ya minyororo, kwamba lugha hizo zina kanuni, na kwamba athari zake hazikufutika hata baada ya karne kadhaa za utumwa. Mtu akishalijua hilo hawezi tena kuona haya kwa namna mama yake anavyozungumza. Wala hawezi kukubali kwa urahisi kwamba wenye lugha hiyo wanastahili kutawaliwa na wengine.

Turudi basi kwa wajomba na mashangazi zetu. Wanapouliza Kiswahili kitatufikisha wapi, wanadhani kwamba lugha ni gari la kutupeleka kwingine, penye mshahara. Robeson alikuwa amekwisha kufika huko kwingine, na ndipo alipogundua kwamba hakujua alikotoka. Sisi tulioikuta lugha hii mlangoni petu hatukuhitaji kuvuka bahari kuitafuta. Mwandishi wa makala haya anakiri kwamba tangu ayasome maisha ya Robeson, swali hilo likiulizwa nyumbani hajibu tena kwa kicheko.